Mapitio: Kola ya GPS na swali la mbwa wa kunusa anayejitegemea

Kola ya GPS huuzwa kwa ahadi moja kubwa, nayo ni kwamba mbwa wa kuwinda hatapotea tena. Ahadi hiyo inatimizwa vya kutosha, na sina haja ya kuirefusha. Mimi nimeipima kola hii kwa kazi nyingine isiyotajwa kwenye boksi lake: kumsaidia mfugaji kujua kama mbwa anayewinda kwa kujitegemea, yaani anayeondoka kutafuta harufu bila kusukumwa na anayeshikilia njia yake hata wenzake wanapobweka upande mwingine, amezaliwa na tabia hiyo au amefundishwa. Baada ya kuitumia kwa mbwa wa koo mbalimbali, naona kwamba kwa kazi hiyo ni chombo bora kuliko matangazo yake yanavyodai, isipokuwa kitufe chake kimoja ambacho kinaweza kuiharibu ile ile tabia inayochunguzwa.

Kola ninayoizungumzia ni ya aina inayotumia redio, si ile inayotegemea mtandao wa simu. Kipokezi kilichofungwa shingoni hupata mahali alipo mbwa kutoka kwenye setilaiti, kisha huituma taarifa hiyo kwa mawimbi ya redio ya VHF hadi kwenye kifaa cha mkononi, ambacho huchora njia ya kila mbwa kwa rangi yake juu ya ramani. Faida ya mpango huu ni kwamba unafanya kazi hata pasipo na mnara wa simu, na huko ndiko mbwa wa kunusa, yaani mbwa wa kuwinda anayefuata harufu ya mnyama kwa pua, hupenda kwenda. Mtengenezaji anataja umbali wa kilomita 14, lakini huo ni umbali wa mahali palipo wazi ambapo antena hazizuiwi na kitu. Mbwa akishuka bondeni au akiingia kwenye msitu mnene, umbali huo hupungua sana. Muda kati ya taarifa moja na inayofuata unaweza kuwekwa kuwa sekunde 2.5 au kurefushwa hadi dakika 2 ili kutunza betri. Anayetaka kujua tu mbwa yuko wapi atatosheka na dakika 2. Anayetaka kuchunguza tabia hana budi kuchagua sekunde 2.5 na kubeba betri ya akiba. Anayeagiza kola kutoka nchi nyingine azingatie pia kwamba masafa ya redio ya kola za soko la Marekani hayafanani na yale yanayoruhusiwa Ulaya, kwa hiyo aulize kwanza sheria za mahali atakapoitumia.

Thamani halisi ya kifaa hiki imo katika kumbukumbu ya njia kuliko katika alama inayosogea kwenye skrini. Kabla ya kola za aina hii wawindaji walihukumu mbwa wao kwa masikio: waliketi, wakasikiliza sauti, wakakubaliana ni nani aliyeanza na ni nani aliyeongoza. Sikio lina upendeleo. Mbwa mwenye sauti kubwa hupewa sifa ya kazi aliyoifanya mwenzake mkimya, na mbwa anayebweka mfululizo huonekana mchapakazi hata kama anapita mahali ambapo mwingine alikwishapita. Mistari ya rangi kwenye ramani haina upendeleo huo. Unapoirudisha nyuma kumbukumbu ya usiku mzima unaona ni nani aliyeondoka wa kwanza, nani aliyemfuata, na nani aliyebaki akizunguka peke yake pale harufu ilipokatika wakati wengine wamekwisha kukata tamaa.

Jambo la kwanza lililonidhihirikia ni kwamba umbali na kujitegemea ni vitu viwili. Wauzaji wa watoto wa mbwa hupenda kutaja umbali, kwamba mama yao huenda mbali kiasi gani, kana kwamba umbali wenyewe ndio uhuru. Kola imeonyesha mbwa anayefika mbali sana lakini kila mara akiwa nyuma ya mbwa fulani mmoja, na mwenzake asiyejulikana kwa mbio ambaye hufanya kazi karibu na mwenye mbwa, ila karibu kila harufu anayoipata ameipata yeye mwenyewe. Wa kwanza, ukimfunga yule mbwa ambaye yeye huwa nyuma yake, safari yake inafupika mara moja. Wa pili habadiliki. Mtu akinunua mtoto wa yule wa kwanza kwa kusikia habari za umbali, amenunua miguu.

Wawindaji wa rakuni, mnyama wa usiku apandaye miti, nchini Marekani wana sababu ya pekee ya kujali tofauti hii. Katika mashindano yao ya usiku yanayosimamiwa na United Kennel Club, chama cha kusajili mbwa, mbwa hutolewa kwa makundi madogo ya hadi wanne, na alama hutegemea nani ametangulia: wa kwanza kutangazwa kuwa amepata harufu hupewa 100, wa pili 75, wa tatu 50 na wa nne 25, na kwenye mti alikopanda mnyama, mbwa wa kwanza kutangazwa hupewa 125. Mbwa mfuasi anaweza kuishi maisha yake yote akikusanya alama za nafasi ya pili bila kupata mnyama hata mmoja kwa pua yake. Ndiyo maana watu hao hubishana bila kuchoka kuhusu kujitegemea kunakotoka, kwa kuwa kwao ni suala la kuamua ni dume gani apandishwe jike gani.

Sasa je, kola inajibu swali la urithi? Kwa sehemu, na sehemu hiyo inahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hutoa hitimisho la haraka. Nilikuwa na majike wawili wa tumbo moja, waliolelewa katika banda moja, wakala chakula kimoja na kuanza kutolewa wakiwa na mbwa mzee yule yule. Kumbukumbu za mwanzo kabisa, kabla hawajafundishwa lolote zaidi ya kuitika wanapoitwa, zilionyesha mmoja akiuacha mstari wa mbwa mzee mara kwa mara na kwenda kutafuta upande wake, huku mwingine akienda sambamba na mzee kama aliyefungwa kamba. Jirani anayefuga mbwa alipoiona ramani alisema kwamba huo ni ushahidi kuwa damu si kitu, maana damu yao ni moja. Sivyo. Ndugu wa tumbo moja hugawana kwa wastani nusu tu ya vinasaba wanavyovipata kwa wazazi, na kwa mbwa inawezekana hata watoto wa tumbo moja wawe na baba tofauti. Tofauti ya ndugu waliolelewa pamoja haipingi urithi. Ikiwa inasema lolote, inapunguza uzito wa banda na mwalimu, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyokuwa navyo sawasawa.

Utafiti wa kisayansi unaonekana kujipinga juu ya jambo hili mpaka mtu asome vizuri kilichopimwa. Mwaka 2019 kulichapishwa uchambuzi uliohusisha mbwa zaidi ya 14,000 wa aina 101, ambao ulionyesha kwamba tofauti baina ya aina na aina katika wepesi wa kufundishika na katika tabia ya kufukuza zinaambatana kwa nguvu na vinasaba. Mwaka 2022 utafiti mwingine, uliotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, ukaonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja mmoja. Wasomaji wa vichwa vya habari waliuchukua wa pili kuwa umeufuta wa kwanza. Lakini wa kwanza ulilinganisha wastani wa aina kwa aina, na wa pili uliuliza kama kujua aina ya mbwa kunatosha kutabiri tabia ya mbwa huyu aliye mbele yako. Aina zinaweza kutofautiana waziwazi kwa wastani, na bado ndani ya kila aina kukawa na mbwa wa kila namna. Tena, katika utafiti huo huo wa 2022, tabia iliyofungamana na aina kuliko nyingine ilikuwa utayari wa kufuata maelekezo ya binadamu, ambao ndio upande wa pili wa kujitegemea tunakokuzungumzia hapa.

Kazi ya zamani zaidi inaunga mkono picha hiyo. Watafiti John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walilea mbwa wa aina tano katika mazingira yaliyofanana, wakiwamo bigo (beagle), mbwa mdogo wa kunusa, na basenji, yule mbwa wa kuwinda mwenye asili ya Afrika ya Kati. Pamoja na malezi hayo ya namna moja tofauti za aina zilijitokeza, na pamoja na aina kuwa moja tofauti za mbwa mmoja mmoja zilibaki kubwa. Utafiti wa mwaka 2021 uliopima vitoto 375 vya retriva (mbwa wa kumletea mwindaji ndege walioangushwa) wenye umri wa wiki 8 tu uligundua kwamba vinasaba vinaeleza zaidi ya asilimia 40 ya tofauti zao katika kufuata kidole cha binadamu na katika kumkazia macho usoni. Ikiwa mwelekeo wa kumtazama mtu huja na kitoto kabla ya somo la kwanza, ni vigumu kuamini kwamba mwelekeo wa kutomtazama hutengenezwa na mwalimu.

Lakini kuna takwimu moja inayowasumbua wafugaji wa mbwa wa kunusa, na hapa ndipo kola inapopata hadhi yake. Matokeo ya majaribio ya uwindaji ya mbwa wa kunusa wa Finland yalipochambuliwa, urithikaji wa sifa nyingi za uwindaji, yaani sehemu ya tofauti za mbwa inayotokana na vinasaba, ulionekana kuwa mdogo. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba uwindaji haurithiwi. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba jaribio la siku moja ni kipimo kibovu: harufu hutegemea unyevu, upepo na joto la ardhi, mnyama anaweza kuwapo au asiwepo, na jaji huona na kusikia sehemu tu ya yanayotendeka. Kelele za siku, yaani mambo hayo ya kubahatisha yanayovuruga kipimo, zikiwa nyingi, sehemu ya damu huonekana ndogo hata kama ipo. Njia ya kupunguza kelele hizo ni kumpima mbwa yule yule mara nyingi katika hali tofauti, na hilo ndilo kola inalolifanya bila kumchosha mtu. Ramani ya usiku mmoja haina uzito. Rundo la ramani za msimu mzima, zenye mvua na ukavu, zenye wenzake na bila wenzake, linaonyesha tabia ambayo jaji mwenye saa na daftari asingeweza kuiona.

Utaratibu ulionipa matokeo ya kuaminika ni kumtoa mbwa peke yake kwanza, kisha na mwenzake mmoja, kisha na mwingine, na kuepuka kundi kubwa ambamo mistari huingiliana. Pahali pa kutazama kwa makini ni pale harufu inapokatika. Mbwa anayejitegemea huchora duara zake mwenyewe, ndogo kisha kubwa, akirudi mahali alipoipoteza harufu na kuanza upya. Mfuasi husimama, au hurudi kwa mwenye mbwa, au mstari wake hunyooka ghafla kuelekea aliko mwenzake aliyebweka. Mnyooko huo wa ghafla ndio alama iliyo wazi kuliko zote, na baada ya kuizoea mtu huitambua kabla hata hajasoma jina la mbwa. Mbwa anayeusikia mlio wa mwenzake na kuendelea na kazi yake, kwa kuwa harufu yake bado ni mbichi, ni adimu. Kuna pia mbwa asiyekwenda kwa mwenzake hata wakati yeye mwenyewe hana kitu, na huyo simhesabu kuwa hodari.

Jambo hili la mwisho linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kujitegemea kukizidi ndiko bora. Mbwa wa kuwinda mbweha wa Uingereza wamechaguliwa kwa vizazi vingi ili wawinde kwa kundi, kila mmoja akiwa na pua yake lakini akiiamini sauti ya mwenzake anayejulikana kuwa mkweli, na wachanga wao kwa desturi hufungwa pamoja na wazee wakati wa kuzoeshwa. Kutokana na damu ya mbwa wa mbweha wafugaji wa Marekani walipata mbwa aitwaye Treeing Walker, ambaye United Kennel Club ilimtambua kuwa aina yake mwenyewe mwaka 1945 na ambaye huthaminiwa anapoweza kufanya kazi peke yake hadi kwenye mti. Mzizi mmoja, matawi mawili yenye tabia tofauti: wengi huutaja mfano huu kuwa ushahidi kamili wa urithi. Mimi siuchukui hivyo, kwa sababu malezi yao nayo yalitengana. Mmoja hulelewa na kundi na kuwinda na kundi maisha yake yote, na mwingine mara nyingi hutoka peke yake au na mwenzake mmoja. Damu na desturi zimekwenda pamoja, na mfano wenyewe hauwezi kuzitenganisha.

Malezi yana nguvu yake, na kumbukumbu za kola zinaionyesha bila huruma. Yule jike mwenye mwelekeo wa kujitafutia, alipotolewa kwa muda mrefu na dume mwenye mbio aliyekuwa akimtangulia kila mara, alianza kunyoosha mistari yake kumwendea. Sababu yake si fumbo. Kila mara alipomfuata alimkuta mnyama, na kila mara alipohangaika peke yake alichelewa. Alifundishwa kufuata, ingawa hakuna mtu aliyekusudia kumfundisha. Alipotengwa na dume yule duara zake zilirudi. Ndugu yake, kwa upande mwingine, alitolewa peke yake kwa muda kama huo huo. Akajifunza kuitafuta harufu kwa namna fulani, lakini akawa anarudi kwangu kila harufu ilipokatika, na alipopewa mwenzake akawa mfuasi tena tangu saa ya kwanza. Kwa mbwa hao wawili, basi, mafunzo yaliweza kukizima kilichokuwapo na kukirejesha, ila hayakuweza kukiweka pale ambapo hakikuwapo. Ni mbwa wawili tu, na sidai zaidi ya hapo, ingawa wengine niliowafuatilia hawajanipa sababu ya kufikiri tofauti.

Ndiyo maana nina neno kali juu ya kitufe cha mshtuko wa umeme, ambacho huja pamoja na kola nyingi za daraja hili. Tuache kwanza kwamba vifaa hivyo vina mipaka ya kisheria katika nchi mbalimbali, na kwamba Wales ilivipiga marufuku kwa mbwa na paka mwaka 2010. Hata pale vinaporuhusiwa, kwa mbwa wa kunusa vina hasara ya pekee. Mwenye kifaa mkononi anaona alama ikivuka umbali anaouhofia, anabonyeza, na mbwa aliye katikati ya kazi, pua chini, akiwa hajui ramani wala mpaka, anapata maumivu. Anachokijua ni kwamba alikuwa mbali na alikuwa akifuata harufu. Ukirudia hayo, umemfundisha kwamba kwenda mbali peke yake huleta maumivu, na baadaye utalalamika kwamba damu yake ni mbovu. Mlio na mtetemo vilivyomo katika kola hiyo hiyo vinatosha kumwita mbwa, mradi ameanza kuvizoea akiwa mdogo kwa kupewa chakula kila anapoitika. Barabara kuu ikiwa karibu, suluhisho ni kumtoa mahali pengine.

Kasoro nyingine za kifaa ni za kawaida, ila mbili zinagusa moja kwa moja uchunguzi huu. Ya kwanza ni usahihi. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, ambayo awali yaliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100, vipokezi vimekuwa vikionyesha mahali kwa kosa la mita chache penye anga wazi. Chini ya miti kosa huongezeka. Mbwa wawili wanaokimbia wakiwa wamepishana mita 10 hawawezi kutofautishwa nani yuko mbele, na mbwa aliyesimama tuli chini ya mti mnene huonekana akitangatanga. Kwa hiyo mabishano ya nani aliongoza kwa hatua mbili hayatatuliwi na ramani hii. Mabishano ya nani alikwenda peke yake yanatatuliwa. Ya pili ni kihisi cha kubweka, ambacho kinapaswa kuonyesha kwamba mbwa anabweka, lakini wenzake wakiwa karibu hutoa taarifa ambazo sikuweza kuziamini. Kujitikisa kwa mbwa anapotoka majini nako hukichanganya kihisi hicho.

Kuhamisha kumbukumbu kwenda kwenye kompyuta kunawezekana, ila programu yake imetengenezwa kwa ajili ya kutazama safari moja baada ya nyingine, wala haina njia ya kuweka safari za mbwa mmoja pamoja na kuzilinganisha. Kazi hiyo niliifanya kwa mkono, nikiandika pembeni hali ya hewa na jina la mwenzake. Uzito wa kola ni wa kuvumilika kwa mbwa mkubwa. Kwa bigo mdogo ni mzigo, na antena yake hupinda haraka kwenye vichaka. Mkanda ni imara.

Ninaipendekeza kola hii bila kusita kwa mfugaji mwenye mbwa kadhaa wenye undugu unaojulikana, hasa yule anayetaka kuamua ni nani azalishwe, kwa sharti kwamba awe na subira ya msimu mzima na awatoe mbwa kwa zamu, peke yao na kwa jozi. Akipata toleo lisilo na mshtuko, achukue hilo. Mwenye mbwa mmoja hatapata jibu la swali la urithi kutoka kwenye ramani yoyote, maana hana wa kumlinganisha naye. Atapata mahali mbwa wake alipo, na kwa hitaji hilo kuna kola nyepesi na rahisi kutumia kuliko hii.